McRae Kimathi: Kutoka vumbi la Safari hadi theluji ya Uswidi

KWA miongo mingi, wakazi wa Voi na Milima ya Taita waliyaona magari ya Safari Rally yakipita karibu na nyumba zao. Mashindano hayo yalianza 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II wa Uingereza, na mara nyingi njia yake iliteremka hadi Pwani kupitia Taita Taveta.

Baada ya 2002 Safari iliondolewa katika ratiba ya ubingwa wa dunia. Iliporejea 2021, kitovu chake kilikuwa Naivasha. Kizazi kizima kilikuwa kimekua bila kuishuhudia ikiwa sehemu ya ubingwa wa dunia.

McRae Kimathi ni wa kizazi hicho. Alipewa jina la Colin McRae, Mskoti aliyeshinda Safari 1997, 1999 na 2002. Babake, Phineas Kimathi, alikuwa dereva wa mbio hizo kabla ya kuongoza Shirikisho la Mbio za Magari nchini.

Mwaka 2021, McRae aliteuliwa pamoja na Hamza Anwar na Jeremy Wahome katika mpango wa kukuza madereva chipukizi, wakakabidhiwa magari aina ya Ford Fiesta Rally3.

Februari 2022 alikwenda Umeå, Uswidi, na mwelekezi wake Mwangi Kioni, kushiriki mashindano ya dunia ya madereva wa chini ya miaka 30. Huko tairi hufungwa misumari ili zishike barafu, na dereva stadi huweza kuliegemeza gari kwenye ukingo wa theluji anapokata kona. Dereva wa Kenya hujifunza kinyume chake: ukingo ni wa kuepukwa, kwani huenda umeficha jiwe au kisiki.

Hata hivyo, McRae alizaliwa katika nyumba iliyoujua mchezo huu. Kijana wa Voi asiye na jamaa ndani yake hukabiliwa na gharama za leseni, kofia ya usalama, mafuta, vipuri na mafundi kabla hajashindana hata mara moja.

Mashindano ya magari ya kale, East African Safari Classic, yaliyoanza 2003, yamewahi kupita tena Taita Taveta. Lakini kuona gari likipita ni jambo moja, kukalia usukani ni jingine. Pasipo wafadhili na viwanja vya mazoezi mashinani, usukani huo utabaki kuwa urithi wa wachache.