Kutoka Shamba Nambari 64: Mji na Walezi Wake

Taarifa ya mwaka kwa desturi huhesabu fedha zilizoingia na zilizotoka, wagonjwa waliosaidiwa na marehemu waliosafirishwa makwao. Hesabu hizo ni za lazima. Lakini iko hesabu nyingine impasayo kila mkaaji wa mji: mji huu ni wa nani, na ni nani aliyepewa kazi ya kuulea? Ili kulijibu swali hilo twaeleza hapa habari za Eldoret, ambao haujatimiza hata miaka 120, na ambao umekwisha kupita katika namna nyingi za utawala wa miji zilizopata kujulikana katika Kenya.

Mwezi wa Oktoba 1908 msafara wa Makaburu kutoka Afrika Kusini, ukiongozwa na Jansen van Rensburg, uliwasili katika uwanda wa Uasin Gishu kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe. Nchi ile haikuwa haina wenyewe. Wamaasai walikuwa wamechunga huko zamani, na Wanandi walikuwa wametoka kushindwa vitani miaka michache kabla na kusukumwa waingie katika rizavu. Serikali ya kikoloni ilipima ardhi na kuyapa mashamba nambari. Mwaka 1910 posta ilifunguliwa katika shamba nambari 64, na kwa muda kituo hicho hakikuwa na jina ila nambari yake, nayo ilitajwa kwa Kiingereza. Wenyeji waliitamka kwa ulimi wao wakasema Sisibo, na neno hilo halijasahauliwa hata leo. Mwaka 1912 mji ukapewa jina la Eldoret, na mwaka 1924 reli ikaufikia.

Tangu mwanzo mji huo haukuweza kuishi hata siku moja bila kazi ya mikono ya Mwafrika. Yeye ndiye aliyepakua mizigo stesheni, aliyejenga maduka, aliyepika na kufua katika nyumba za wengine. Hata hivyo sheria ilimtazama kama mpita njia. Kuanzia 1920 alilazimika kuchukua kipande, na kipande hicho kilionyesha ni nani aliyemwajiri na kwa mshahara gani. Alilala katika lokesheni, na mshahara wake ulipimwa kwa tumbo la mtu mmoja asiye na mke wala watoto. Sheria ya mwaka 1928 ilipoimarisha bodi za miji, Mwafrika kwa miaka mingi hakuwa na kura ya kuwachagua waliokaa katika bodi hizo. Ilipofika 1954 kamati ya serikali juu ya mishahara ya Waafrika, iliyoongozwa na Carpenter, ilikiri ya kwamba mshahara wa mtu mmoja hauwezi kumfanya mfanyakazi awe mkaaji wa kweli wa mji pamoja na jamaa yake. Ukweli huo ulikuwa umejulikana lokesheni muda mrefu kabla ya kuandikwa na kamati.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1963 milango ilifunguka, na watu wakaingia. Hesabu ya watu ya 1969 iliwakuta Eldoret watu kama 18,000. Mwaka 1979 walikuwa kama 50,000, na mwaka 1989 walizidi 110,000. Viwanda vilikuja, kama kile cha nguo cha Rivatex katika miaka ya 1970, na mwaka 1984 Chuo Kikuu cha Moi kikaanzishwa karibu na mji. Lakini sehemu moja ya ongezeko hilo haikutokana na wageni. Mipaka yenyewe ilisogezwa, ikayameza mashamba ya kando.

Hapa pana fundisho kubwa. Shamba la Langas lilinunuliwa katika miaka ya 1960 na watu waliochanga fedha zao, nao wakaligawanya viwanja. Lilipogawanywa lilikuwa nje ya mji, kwa hiyo hakuna mpimaji wa manispaa aliyeweka njia pana, mifereji, wala mahali pa shule. Mipaka ilipolifikia, baraza la mji lilirithi maelfu ya wakaaji waliokwisha kujenga. Kupitisha bomba la maji katikati ya nyumba zilizosimama ni kazi yenye gharama kubwa kuliko kulipitisha katika shamba tupu. Tena ni kazi ya uchungu, maana hapana budi nyumba ya mtu ibomolewe.

Na mabaraza yenyewe yalikuwa na nguvu gani? Mwaka 1969 Bunge lilipitisha sheria ya kuhamisha shule za msingi, afya na barabara kutoka kwa kaunsili za kaunti kuzipeleka kwa Serikali Kuu. Manispaa chache, Eldoret ikiwamo, zilibaki na mizigo hiyo, lakini mwanzoni mwa miaka ya 1970 kodi ya kichwa iliyokuwa nguzo ya mapato yao ikaondolewa. Ilingojewa hadi 1998 kutungwa sheria ya kuyagawia mabaraza asilimia 5 ya kodi ya mapato ya nchi. Kwa miaka 25 hivi, diwani aliulizwa habari za taka na taa za barabarani, naye mfuko wake ulikuwa umetoboka.

Upungufu wa mji si wa mabomba peke yake. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 zaidi ya watu 1,100 waliuawa nchini, na Eldoret pamoja na vijiji vyake ni miongoni mwa mahali palipoumia zaidi. Jirani aliambiwa arudi kwao, ingawa watoto wake hawakupata kuijua nyumba nyingine. Lile wazo la kale la kwamba mkaaji wa mji ni mpita njia lilikuwa limezaliwa upya vinywani mwetu wenyewe.

Katiba ya 2010 ilileta kaunti 47, na baada ya uchaguzi wa Machi 2013 mabaraza yote ya miji yalikwisha. Mahali pao sheria ya miji ya 2011 iliweka bodi za manispaa chini ya serikali za kaunti. Kodi ya viwanja na ada za leseni huingia katika mfuko wa kaunti, na bodi hungoja kugawiwa. Mkaaji hana tena diwani wa mji. Anaye mjumbe wa wadi katika bunge la kaunti nzima, pamoja na mashamba yake. Tarehe 15 Agosti 2024 Eldoret ulitangazwa kuwa jiji la tano la Kenya. Hati ya jiji ni heshima kubwa, lakini haichoti maji.

Twayasema haya kwa ajili ya miji midogo inayokua leo upesi kuliko Sisibo ya zamani. Kitengela ulikuwa na watu kama 58,000 mwaka 2009. Mwaka 2019 walihesabiwa zaidi ya 154,000. Ongata Rongai walizidi 172,000. Huko nako mashamba yanagawanywa viwanja kila siku, na njia ya maji taka haijulikani itapita wapi. Ni afadhali sana kutenga barabara wakati mahindi yangali shambani.

Sheria ya miji imewawekea nafasi katika bodi wajumbe watokao kwa wataalamu, wafanyabiashara, jua kali na vyama vya ujirani, tena yampa mkaaji haki ya kushiriki katika mambo ya mji wake. Nafasi hiyo wazee wetu wa lokesheni hawakuwa nayo. Yatupasa tuingie, tusome makadirio ya fedha, tuulize, tena tuulize kwa adabu mpaka tujibiwe. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na mji nao ni vivyo hivyo.