Duara la Wapiga Fidla wa Blue Ridge

Katika milima ya Blue Ridge, pale Virginia inapopakana na North Carolina nchini Marekani, muziki ulikuwapo kabla ya redio na santuri. Fidla ililetwa na wahamiaji kutoka Scotland, Ireland na Uingereza. Banjo ilitoka kwetu Afrika: watu waliotekwa magharibi mwa bara hili walikwenda na ujuzi wa ala za nyuzi za kibuyu na ngozi, ndugu wa akonting ya Wajola wa Senegambia, wakaziunda upya utumwani. Ala hizo mbili zilipokutana, ukazaliwa muziki wa dansi wa milimani. Asiyelitaja hili mwanzoni ameipotosha historia yote.

Bluegrass, mtindo uliotokana na muziki huo, ni changa. Bill Monroe wa Kentucky, aliyezaliwa 1911, alirithi nyimbo kwa mjomba wake mpiga fidla, na ladha ya bluzi akaipata kwa Arnold Shultz, mpiga gitaa Mweusi. Mwaka 1939 aliingia na bendi yake, Blue Grass Boys, katika kipindi cha redio cha Grand Ole Opry, Nashville. Mwishoni mwa 1945 alijiunga naye Earl Scruggs, kijana wa North Carolina aliyedonoa banjo kwa vidole vitatu kwa kasi ya ajabu, na mtindo ukakamilika.

Redio iliupeleka mbali, lakini kilichoutunza ni duara la wapigaji wanaokaa pamoja. Mjini Galax, Virginia, mashindano ya wapiga fidla yalianza 1935, na hadi leo watu hukusanyika kila Agosti. Washindi hupata zawadi jukwaani, ila wengi huja kwa ajili ya vikao vya katikati ya mahema na magari, vinavyokesha hadi alfajiri.

Kikao kina adabu zake. Kama mwalimu wa kwaya anavyotoa do, anayeanzisha wimbo hutaja sauti, tuseme G, kisha wote humfuata. Katika bluegrass kila mmoja hupewa zamu ya kung'ara, na wengine hushusha ala zao asikike. Katika muziki wa kale wa milimani wote hupiga pamoja mwanzo hadi mwisho. Anayetaka kumaliza huinua mguu. Asiyejua hukaa pembeni akipiga polepole, na hakuna anayemfukuza. Kwangu mimi, nafasi hiyo ya pembeni ndiyo shule yenyewe.

Aliyeifungua shule hiyo nyumbani kwake ni Tommy Jarrell wa kijiji cha Toast, North Carolina, aliyezaliwa 1901. Baba yake, Ben, alirekodi santuri 1927; yeye alifanya kazi ya barabara hadi alipostaafu 1966. Baada ya mkewe kufariki, vijana kutoka miji ya mbali walianza kubisha hodi. Aliwakaribisha, akawalisha, akawapigia fidla hadi usiku wa manane. Alifariki 1985, na upigaji wake umeenea mbali kupitia wageni wale.

Joe Thompson wa Mebane, North Carolina, mpiga fidla Mweusi aliyezaliwa 1918, karibu akose wa kumrithi. Binamu yake Odell, mwenzake wa banjo, alifariki 1994. Mwaka 2005 vijana watatu Weusi, Rhiannon Giddens, Dom Flemons na Justin Robinson, walianza kwenda kwake kila Alhamisi kupiga naye. Wakaunda Carolina Chocolate Drops, bendi iliyokuja kushinda tuzo ya muziki ya Grammy, nao wakazirudisha nyimbo za Thompson kwa jamii iliyokuwa ikiambiwa kwamba banjo si yake.

Kwa watoto, mlango ulifunguliwa 2000 katika wilaya ya Alleghany, North Carolina. Helen White, mshauri wa wanafunzi na mpiga fidla, alianzisha mpango wa Junior Appalachian Musicians wa kufundisha fidla, banjo na gitaa baada ya masomo. Watoto hufundishwa kwa sikio, na mpango huo umekwisha kuvuka hadi majimbo jirani.