Watano wa Loyola: Habari ya Ushindi wa Mwaka 1963

Wako watu wanaosema ya kwamba michezo ni upuuzi wa watoto, na ya kwamba mtu mzima, tena Mkristo, hana haja ya kusoma habari zake. Mimi mwenyewe niliwahi kufikiri hivyo. Walakini iko habari moja ya mchezo ambayo ningependa kila jamaa ya parokia yetu iijue, wazee kwa vijana. Ni habari ya wanafunzi wa chuo kikuu kimoja cha Kikatoliki katika mji wa Chicago, huko Marekani, walioshinda mashindano ya nchi nzima mwaka 1963. Ushindi wao ulikuwa mkubwa. Lakini njiani, kabla hawajaufikia, kulitokea jambo lililo kubwa kuliko kombe lenyewe, na hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Mchezo wao ulikuwa mpira wa kikapu, ambao vijana wetu huuita basketi. Ulibuniwa mwaka 1891 na mwalimu mmoja, jina lake James Naismith, katika mji wa Springfield, ili wanafunzi wake wapate mazoezi ndani ya nyumba wakati wa baridi kali. Wachezaji ni watano kila upande. Mpira hudundwa kwa mkono, hupitishwa toka mtu hata mtu, na mwisho hutupwa katika pete iliyotundikwa juu, kiasi cha meta tatu kutoka chini. Sisi Wakongomani tunamkumbuka Dikembe Mutombo, mzaliwa wa Kinshasa, aliyesoma na kucheza katika chuo kikuu cha Georgetown, akawa mtu mashuhuri duniani, na akafariki mwaka 2024. Georgetown ni chuo cha mapadri Wayesuiti. Loyola ya Chicago nayo ni chuo chao. Ilianzishwa mwaka 1870, na sasa ina jina la Mtakatifu Inyasi wa Loyola, mwanzilishi wa shirika hilo.

Basi, ili tuelewe habari hii, yatupasa kwanza kujua hali ya Marekani ya siku zile. Katika majimbo ya kusini watu weusi na Wazungu walitengwa: shule mbalimbali, hoteli mbalimbali, hata bomba la maji ya kunywa mbalimbali. Katika majimbo ya kaskazini sheria haikuwa kali hivyo, lakini desturi ilikuwapo. Kati ya walimu wa mchezo wa kikapu kulikuwa na mapatano yasiyoandikwa popote, ya kwamba mtu asiingize uwanjani vijana weusi wengi kwa pamoja. Mmoja au wawili, vema. Wakizidi, watazamaji watanung'unika.

Mwalimu wa Loyola, George Ireland, hakuyafuata mapatano hayo. Alitafuta wachezaji wazuri popote walipopatikana. Kutoka New York alimpata Jerry Harkness, aliyekuwa kapteni, na Ron Miller. Kutoka Nashville, mji wa kusini, aliwapata Les Hunter na Vic Rouse, waliokuwa wamecheza pamoja tangu shule ya sekondari. Hao wanne ni weusi. Wa tano alikuwa John Egan, Mzungu, mtoto wa Chicago. Mwezi wa Desemba 1962, walipopambana na Wyoming, Ireland aliwaweka uwanjani weusi watano kwa wakati mmoja, jambo lisilopata kuonekana katika vyuo vikubwa vya Marekani.

Usidhani, ndugu msomaji, ya kwamba walipita njia laini. Waliposafiri kusini, zilikuwako hoteli zilizokataa kuwalaza wote pamoja. Huko Houston watazamaji waliwazomea na kuwatukana kwa ajili ya rangi yao. Harkness alisimulia baadaye ya kwamba alipokea barua za vitisho za watu wa Ku Klux Klan, zilizoletwa mpaka penye chumba chake cha kulala. Na mawazo yake ya kwanza yalikuwa haya: watu hawa wamejuaje mahali ninapokaa? Hata hivyo walicheza. Katika majira yale yote walishinda michezo 29, wakashindwa miwili tu. Katika mchezo wao wa kwanza wa mashindano makuu, mwezi wa Machi 1963, waliwapiga Tennessee Tech kwa pointi 111 kwa 42. Katika mashindano hayo tofauti kubwa kama hiyo haijapata kuonekana tena.

Sasa tuhame Chicago, twende Mississippi, kwa maana habari yetu ina pande mbili.

Mississippi lilikuwa jimbo gumu kuliko yote kwa ubaguzi. Mwishoni mwa Septemba 1962, kijana mweusi James Meredith alipokwenda kuingia katika chuo kikuu cha jimbo hilo, kulitokea fujo na watu wawili wakauawa. Katika jimbo hilohilo kiko chuo kingine, Mississippi State, ambacho kilikuwa na timu hodari sana, ya vijana Wazungu watupu. Mara tatu, mwaka 1959, 1961 na 1962, timu hiyo ilistahili kwenda katika mashindano makuu ya nchi, na mara tatu ilibaki nyumbani. Kwa nini? Kwa sababu huko ingeweza kukutana na timu yenye watu weusi, na wakubwa wa jimbo hawakutaka. Fikiri: vijana wanafanya kazi mwaka mzima, wanashinda, halafu wanaambiwa wakae, kwa kuwa heshima ya Wazungu itapungua wakishindana na weusi!

Mwaka 1963 walishinda tena katika mashindano ya kusini. Mara hii mkuu wa chuo, Dean Colvard, alitangaza ya kwamba watakwenda. Gavana wa jimbo, Ross Barnett, hakupendezwa. Wanasiasa wawili wakaenda mahakamani, wakapata hati ya kuizuia timu isitoke katika jimbo. Usiku askari wakatumwa kuwapelekea Colvard na mwalimu wa timu, Babe McCarthy, hati hiyo. Kumbe! Hawakuwako. Colvard alikuwa amekwisha kuvuka mpaka kwenda Alabama, na McCarthy alikuwa amekwenda Tennessee. Hati isipopokelewa na mwenyewe haina nguvu. Asubuhi ya tarehe 14 Machi wachezaji wa akiba walitangulizwa kiwanja cha ndege, waone kama kuna askari wa kuwakamata. Walipoona njia ni nyeupe, wengine wakafuata, wakapanda ndege, wakamkuta mwalimu wao Nashville, wakaendelea kaskazini. Penye nia pana njia. Lakini kweli ni ajabu kuona watu wakitoroka kwao kama wezi, kusudi waende kucheza mpira na vijana wenzao.

Kesho yake, tarehe 15 Machi 1963, timu mbili zilikutana katika mji wa East Lansing, jimbo la Michigan. Kabla ya mpira kurushwa, makapteni wawili walikwenda katikati ya uwanja: Jerry Harkness wa Loyola na Joe Dan Gold wa Mississippi State. Wakapeana mikono. Papo hapo taa za wapiga picha zikamulika pande zote, hata Harkness akashtuka. Alisema baadaye ya kwamba wakati ule ndipo alipofahamu kuwa mchezo huu si mchezo tu.

Mississippi walianza vizuri. Walipata pointi saba kabla Loyola hawajapata hata moja. Halafu Loyola wakatulia, wakawafikia, wakawapita. Mwisho ulikuwa 61 kwa 51. Hapakuwa na ngumi wala matusi. Vijana waliofundishwa tangu utoto ya kwamba haifai kukaa pamoja na weusi walicheza nao muda wa dakika 40, chini ya mwamuzi mmoja na sheria moja. Walishindwa kama watu wanavyoshindwa, wakapeana mikono tena, wakaenda zao. Mambo yote yale yaliyoogopwa hayakutokea.

Loyola waliendelea. Waliwashinda Illinois, halafu Duke, na tarehe 23 Machi wakafika mchezo wa mwisho katika mji wa Louisville. Adui yao alikuwa Cincinnati, mabingwa wa mwaka 1961 na 1962, ambao wengi waliamini watachukua kombe mara ya tatu. Katika wachezaji 10 walioanza siku hiyo, saba walikuwa weusi, wanne upande wa Loyola na watatu upande wa Cincinnati.

Cincinnati walitawala mchezo. Katika nusu ya pili walikuwa na 45, Loyola 30 tu. Mpira wa Loyola haukutaka kuingia, na Harkness mwenyewe alikaa muda mrefu pasipo kufunga kitu. Hapo Cincinnati wakafanya kosa la mtu aliyekwisha kujihesabia mavuno: wakaanza kuchelewesha mchezo, wakiushika mpira tu ili muda upite. Loyola wakawabana kila mahali. Pengo likapungua kidogo kidogo. Zikibaki sekunde 12, mchezaji wa Cincinnati alipewa mitupo miwili ya adhabu. Wa kwanza ukaingia, 54 kwa 52. Wa pili ukakosa. Loyola wakaunyakua mpira, wakakimbia nao, na Harkness akafunga: 54 kwa 54. Ikawa lazima kuongeza dakika tano.

Katika dakika hizo tano walikwenda sawasawa mpaka 58 kwa 58. Loyola wakaushika mpira wapate nafasi ya mwisho. Harkness alipozuiwa akampa Hunter. Hunter akatupa, mpira ukagonga pete ukatoka. Vic Rouse akaruka, akaurudisha ndani kwa mikono yake. Ilibaki sekunde moja. Sitini kwa hamsini na nane! Nacho kitu cha kustaajabisha: Ireland hakubadilisha mchezaji hata mmoja. Watano walewale walisimama dakika zote 45. Kidole kimoja hakivunji chawa, walisema wazee wetu, na hapa vidole vilikuwa vitano, vinne vyeusi na kimoja cheupe, vya mkono mmoja.

Siku 19 baada ya ushindi huo, tarehe 11 Aprili 1963, Baba Mtakatifu Yohane wa 23 alitoa barua yake juu ya amani duniani, Pacem in Terris, ambamo alifundisha ya kwamba ubaguzi wa rangi hauna haki yoyote. Lakini tusijisifu upesi sisi Wakatoliki. Mwezi wa Julai mwaka uleule, masista wa shirika la Mtakatifu Fransisko walisimama na mabango mbele ya jengo la Loyola lenyewe mjini Chicago. Sababu ni nini? Ndani ya jengo hilo kilikuwamo chama cha wanawake Wakatoliki ambacho hakikutaka kupokea wanawake weusi. Basi tazama: chuo kiliwashangilia vijana weusi waliokiletea kombe, na katika nyumba yake palikuwa bado na mlango uliofungwa kwa dada na mama zao. Ni rahisi kumpenda mtu anayekuletea ushindi. Kumpenda jirani asiyekuletea kitu, hapo ndipo penye mtihani.

Mississippi State ilipokea mwanafunzi wake wa kwanza mweusi mwaka 1965, miaka miwili baada ya safari ile. Sisemi ya kwamba mchezo mmoja ulifungua mlango ule. Wengi walifungwa, na wengine walikufa, kwa ajili hiyo. Lakini waliotoroka asubuhi ile walikuwa wamekwisha kuwaonyesha watu wao kwamba hofu yao ilikuwa hofu ya kivuli. Mwaka 2011 Joe Dan Gold alifariki. Harkness alisafiri kwenda kumzika, na kando ya jeneza akakuta imewekwa picha ile ya mikono miwili katikati ya uwanja. Mwaka 2013 Rais Barack Obama aliwapokea wazee wa Loyola katika Ikulu ya Marekani. Harkness naye alifariki Agosti 2021.

Kwa nini nawaandikia haya ninyi wa Zongwe na wa Kalemie? Sisi hatuna ugomvi wa weusi na Wazungu. Lakini sote tunajua yaliyotokea tangu mwaka 2013 katika nchi hii ya Tanganyika kati ya Wabatwa na Wabantu: vijiji vilivyochomwa, watu waliokimbia na kukaa kambini kando ya mji wa Kalemie wakiezeka majani. Tunajua pia ya kwamba muda mrefu kabla ya mishale walikuwako watu wasiotaka kula sahani moja na Mbatwa, wala kunywa katika kikombe alichonywea. Nalo halikuandikwa popote. Lilikuwa mapatano, kama yale ya walimu wa Chicago.

Mwaka jana niliwatazama vijana wakigawana timu jioni, baada ya mafundisho. Manahodha wawili wakachagua mmoja mmoja, mpaka akabaki kijana mmoja Mbatwa, hodari wa mbio kuliko wengi wao. Hakuna aliyemtukana. Hakuna aliyemwita. Alisimama kidogo, akachukua shati lake, akaenda kwao. Nami, katekista wao, nilikaa kimya juu ya kiti changu, na kimya kile kinaniuma hata leo.

Basi tangu juma lililofuata timu zetu tunazigawanya kwa kura. Majina yanaandikwa juu ya vikaratasi, mtoto anachota, na anayeitwa anaingia. Kijana yule nilimfuata kwao mwenyewe kumwomba arudi. Mara ya kwanza alikataa. Mara ya pili alikuja, na jina lake lilitoka la tatu.