Mto wa Mbu: Urithi wa Watu Waliohamia



Tuzungumzapo juu ya urithi wa utamaduni, fikra zetu hukimbilia kabila moja katika nchi ya mababu zake. Historia ya Mto wa Mbu, mji mdogo wa wilaya ya Monduli chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, yatulazimu kufikiri vingine.

Mifereji ya umwagiliaji ya miaka ya 1950 ndiyo iliyoligeuza eneo lile kavu kuwa mashamba ya migomba na mpunga, na maji yakawaita watu. Wambugwe na Wairaqw walitoka jirani, Warangi upande wa Kondoa; Wachagga walikuja na ujuzi wao wa kupika mbege. Wamakonde, ambao asili yao ni kusini kabisa na Msumbiji, wakaja na patasi zao. Wamasai wakaendelea kuchunga pembezoni. Hapakuwa na wa kudai kwamba utamaduni wa mji ni wake peke yake.

Hifadhi ya Ziwa Manyara ilianzishwa mwaka 1960, lakini kwa miaka mingi watalii wa Ngorongoro walipita tu, wakiwaachia wenyeji vumbi. Katikati ya miaka ya 1990 Bodi ya Utalii na shirika la Kiholanzi la SNV walianzisha mpango wa utalii wa kitamaduni. Mgeni sasa alitembezwa kwa miguu na kijana wa pale pale, akawatazama wachongaji kazini, akala chakula kilichopikwa na akina mama, na sehemu ya malipo yake ikatengwa kwa miradi ya kijiji. Kwangu mimi, sehemu hiyo ndiyo kiini cha jambo zima. Pasipo hiyo, faida humwendea mwenye gari, na mchongaji hubaki akibishana bei na mpita njia.

Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipozuia safari, vinyago vilikosa mnunuzi. Mwenye migomba nyuma ya nyumba aliweza walau kula; aliyetegemea patasi peke yake hakuwa na kinga hiyo.

Liko pia suala la mti wenyewe, ambalo watalii hawaliulizi. Mpingo mwingi hutoka Lindi na Mtwara, mwendo wa mamia ya kilomita, nao huhitaji zaidi ya nusu karne kukomaa. Kijana anayejifunza uchongaji leo atakuwa mzee kabla mche uliopandwa mwaka huu haujafaa kukatwa.