Kicheko na Sheria: Historia Fupi ya Filamu za Ucheshi za Ealing, 1947–1955

Maoni yaliyoenea kuhusu filamu za ucheshi zilizotengenezwa katika studio za Ealing, magharibi mwa London, ni kwamba hizo ni kazi za upole. Watazamaji huzikumbuka kwa vikongwe wacheshi, treni za kijijini na majirani wema wanaoishinda serikali pasipo chuki. Maoni hayo hayakosi ukweli, lakini yanazitenga filamu hizo na wakati uliozizaa. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba zilizo bora miongoni mwazo zinashughulikia swali zito: ni nani anayeruhusiwa kuivunja sheria, na kwa muda gani, kabla kicheko hakijakoma?

Michael Balcon alishika uongozi wa studio hizo mwaka 1938. Vita vilipokwisha mwaka 1945, wapiga kura wa Uingereza walikitia madarakani chama cha Leba. Balcon alikuja kueleza baadaye kwamba yeye na wenzake walikipigia chama hicho kura kwa mara ya kwanza baada ya vita, na kwamba hayo ndiyo yaliyokuwa mapinduzi yao ya upole. Hata hivyo, ushindi wa vita haukuleta neema. Mkate, ambao haukuwahi kugawanywa kwa kipimo wakati wa vita, uliingizwa katika mgao kuanzia mwaka 1946 hadi 1948, na mgao wa chakula haukukomeshwa kabisa hadi Julai 1954. Mshindi aliendelea kupanga foleni, kitabu cha mgao mkononi.

Ni katika hali hiyo ambapo Passport to Pimlico (1949) inapaswa kueleweka. Bomu lililosalia ardhini linalipuka na kufichua hazina pamoja na hati ya kale, inayothibitisha kwamba mtaa wa Pimlico ni sehemu ya Burgundy wala si ya Uingereza. Wakazi wanavirarua vitabu vya mgao na vitambulisho vyao, na baa inaendelea kuuza baada ya saa za kisheria. Lakini uhuru huo unawavuta walanguzi kutoka kila upande. Serikali inafunga mpaka, na hatimaye wakazi wanarejea Uingereza kwa hiari, wanakabidhiwa vitabu vipya, na mvua inanyesha. Mwandishi wa mswada, T.E.B. Clarke, ndiye pia aliyeandika The Blue Lamp (1950), filamu inayowasifu askari polisi. Kwa hiyo si ajabu kwamba uasi wa Pimlico una sura ya likizo: unafurahiwa kwa sababu inajulikana kwamba utakwisha.

Whisky Galore! ya Alexander Mackendrick, iliyotolewa mwaka huo huo, ina ukali zaidi. Chanzo chake, kupitia riwaya ya Compton Mackenzie ya mwaka 1947, ni tukio la kweli. Mwaka 1941 meli iitwayo Politician ilikwama karibu na kisiwa cha Eriskay, Scotland, ikiwa na shehena kubwa ya wiski, nao wenyeji wakajichukulia. Katika filamu, anayeadhirika ni Kapteni Waggett, Mwingereza anayejitwika ulinzi wa mali hiyo. Katika historia, baadhi ya wenyeji walishtakiwa na kufungwa. Kicheko cha filamu kimetenguka hapa na kumbukumbu ya mahakama, na kuwapa wanakisiwa haki ambayo sheria iliwanyima.

Aidha, uhuru wa watunzi wenyewe ulikuwa na mipaka. Kanuni za udhibiti wa filamu zilitaka uhalifu usilipe. Katika The Lavender Hill Mob (1951), karani mnyenyekevu anaiba dhahabu ya benki na kuisafirisha ikiwa imeyeyushwa kuwa sanamu ndogo za mnara wa Eiffel. Mtazamaji anamtakia heri hadi mwisho, ambapo pingu zinaonekana mkononi mwake. Kind Hearts and Coronets ya Robert Hamer (1949) iliukwepa mtego huo kwa ustadi. Louis Mazzini, ambaye mama yake alitupwa na jamaa zake wa kikabaila, anawaangamiza jamaa hao, wote wakiigizwa na Alec Guinness. Anaachiliwa kutoka gerezani, kisha anakumbuka kwamba ameyasahau ndani maandishi yanayokiri makosa yake. Toleo la Uingereza linaishia hapo. Toleo la Marekani liliongezewa tukio ambamo maandishi hayo yanawafikia wakuu wa gereza. Sekunde chache hizo zinaigeuza kejeli kuwa mahubiri.

Uhusiano wa kicheko na mamlaka unadhihirika zaidi ukivuka mipaka ya Uingereza. Mwaka 1951 studio hizo hizo zilitoa Where No Vultures Fly, filamu ya Harry Watt iliyopigwa Afrika Mashariki, kuhusu ofisa wa wanyamapori anayeanzisha mbuga ya taifa nchini Kenya na kupambana na majangili wa pembe za ndovu. Hii si filamu ya ucheshi, wala haifai kupimwa kwa kanuni za ucheshi. Isitoshe, adui mkuu ndani yake ni Mzungu. Hata hivyo, ulinganisho una mafunzo. Kule kisiwani, mlinzi wa mali iliyokatazwa ndiye anayechekwa. Huku Kenya, mlinzi wa namna hiyo ndiye shujaa. Mwanakisiwa anaikejeli sheria iliyoletwa na mgeni na mtazamaji anashangilia. Mwafrika, ambaye pia aliletewa sheria na mgeni, hapewi nafasi ya kuikejeli. Mapinduzi ya upole hayakusafiri hadi koloni.

Mwaka 1955 studio ziliuzwa kwa BBC, na mwaka huo ndio uliotoa The Ladykillers, kazi nyingine ya Mackendrick. Wezi wanauana wao kwa wao, na fedha zinabaki kwa ajuza aliyewapangishia chumba. Anapokwenda kuziripoti, polisi hawamsadiki; wanamwambia akae nazo. Sheria, iliyotunzwa kwa uangalifu tangu Pimlico, sasa inakataa kusikia.

Anayeziita filamu hizi za upole amezisikia sauti zao tu. Mhakiki anapaswa kuuliza pia kicheko kiliruhusiwa wapi, kilikatizwa wapi, na ni nani ambaye hakualikwa kucheka.