Chombo Kikuukuu, Nahodha Mpya

Msomaji kijana, jina la mahali aghalabu ni kitabu kidogo cha historia. Makongeni, mtaa mkubwa wa mji wa Thika, maana yake ni mahali penye makonge. Na nchi ile ya Thika na Makuyu ilijulikana zamani kwa mashamba ya mkonge. Nyuzi za mmea huo zilisokotwa kuwa kamba, zikafungia mizigo ya mataifa mengi. Katika miaka ya 1960 kamba za plastiki zilienea duniani, na bei ya mkonge ikaporomoka. Tazama jambo hili vyema. Mkonge haukupungua nguvu. Siku ile bei ilipoanguka, uzi wake ulikuwa imara kama ulivyokuwa miaka ishirini kabla yake. Kilichogeuka ni dunia iliyouzunguka.

Nimeanza na mkonge kwa sababu kiko kitu kingine ambacho huitwa kikuukuu kabla ya nguvu zake kwisha, nacho ni kompyuta. Katika mitaa kama Makongeni, saiba ndiyo ofisi ya mtu asiye na ofisi. Humo mzee huchapishiwa barua, mfanyabiashara hujaza hesabu za kodi, na kijana aliyemaliza shule huomba mkopo wa masomo au kitambulisho. Tangu huduma za eCitizen zilipoanza mwaka 2014, haja hiyo imezidi. Mashine zinazofanya kazi hiyo, pamoja na zile zilizomo katika vyumba vya kompyuta vya shule nyingi, hazikutengenezwa jana. Je, zitupwe, au zahuishwe? Kabla ya kujibu, hatuna budi kujua kilichozifanya ziitwe kuukuu.

Kompyuta ni chombo, na mfumo wa uendeshaji ni nahodha wake. Chuma, nyaya na kioo haviwezi kufanya lolote mpaka pawepo programu kuu inayoamuru: hifadhi hiki, onyesha kile, sikiliza kibodi, peleka karatasi kwenye printa. Chombo huweza kuwa kizima na nahodha akawa amechoka; na chombo kisicho na nahodha, hata kingekuwa kipya, hakitoki bandarini.

Manahodha hao wana historia yao. Mwaka 1981 kampuni ya IBM ya Marekani ilitoa kompyuta ndogo ya mezani, na mfumo wake uliletwa na kampuni ya Microsoft. Kutoka hapo Microsoft iliendelea hata ikatoa Windows 95 mwaka 1995 na Windows XP mwaka 2001. Njia ya pili ilifunguliwa mwaka 1991, wakati Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki mwenye umri wa miaka 21, alipotangaza kiini cha mfumo alichokuwa akikiandika mwenyewe. Kiini hicho kiliitwa Linux, na baadaye kilitolewa kwa sharti la ajabu: kila mtu ana ruhusa ya kukitumia, kukinakili na kukibadili. Juu ya kiini hicho ilijengwa mifumo mizima, kama Debian mwaka 1993, na Ubuntu mwaka 2004, ambao ulianzishwa na Mark Shuttleworth, mzaliwa wa Afrika Kusini.

Nasi Afrika Mashariki hatukukaa tukitazama tu. Mwaka 2002 shirika la Computers for Schools Kenya lilianza kupokea kompyuta zilizokwisha kutumika maofisini, kuzitengeneza na kuzipeleka mashuleni. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliokuwa na makao katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, yaani programu za ofisini zenye kusema Kiswahili. Mwaka 2009 nyaya za mawasiliano zilizolazwa chini ya bahari zilifika Mombasa, na intaneti ikawa nyepesi kuliko awali. Hivyo mashine iliyomaliza kazi yake Ulaya ilipata kazi ya pili Kenya.

Hata hivyo, kila nahodha ana siku ya kustaafu. Mwenye mfumo akiacha kuziba matundu yanayogunduliwa ndani yake, wezi na virusi huyapitia. Windows XP ilifikia mwisho huo tarehe 8 Aprili 2014. Windows 7 tarehe 14 Januari 2020. Na Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, isipokuwa kwa wale waliojiandikisha kupewa muda wa nyongeza. Windows 11, iliyotoka mwaka 2021, yataka kumbukumbu ya GB 4, diski ya GB 64, kijisehemu maalumu cha usalama, na prosesa iliyomo katika orodha ya Microsoft; na orodha hiyo huziacha nje karibu prosesa zote zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2017. Basi kompyuta ya mwaka 2014, ambayo yawaka kila asubuhi bila kulalamika, ilitangazwa kuukuu kwa uamuzi uliofanywa mbali na chumba ilimo. Yaliyoupata mkonge yameipata nayo.

Hapa ndipo wahenga walipotuachia neno: usitupe mbachao kwa msala upitao. Lakini kuuhifadhi mbacha hakutoshi. Sharti ukung'utwe vumbi. Kwa kompyuta, kukung'uta huko ni kufuta diski yote na kusakinisha mfumo mpya juu ya diski tupu. Kazi hii si ya uganga. Ina taratibu zake, nami nitakutajia zile zilizo kubwa.

Kwanza, ijue mashine yako. Tazama ina kumbukumbu kiasi gani, diski yake ni kubwa kiasi gani, na prosesa yake ni ya biti 32 au ya biti 64. Usilipuuze swali hili la mwisho. Mifumo huria nayo hufunga milango: Ubuntu iliacha kutoa diski za kusakinishia mashine za biti 32 mwaka 2017, na Debian ya 13, iliyotoka Agosti 2025, haina tena kisakinishi cha mashine hizo. Mashine yenye biti 64 na kumbukumbu ya GB 4 yaweza kubeba mfumo mwepesi wa Linux kwa raha. Yenye chini ya GB 2 itaweza kuandika barua, lakini kurasa za intaneti za leo zitailemea.

Pili, na hili ndilo jambo zito kuliko yote, nakili kila kilichomo. Diski ya shule huweza kuwa na alama za wanafunzi wa miaka kumi. Diski ya saiba huweza kuwa na hati za watu wasiojua hata kwamba zimo. Chombo ni mali, lakini yaliyomo ni maisha ya watu. Nakili katika diski nyingine ya nje, kisha ichomeke katika kompyuta ya pili na uzifungue hati chache kwa macho yako. Nakala isiyojaribiwa ni tumaini tu. Ukisha kufuta diski na kuandika mfumo mpya juu yake, maji yamemwagika, nayo hayazoleki.

Tatu, pata mfumo wenyewe kwa njia ya halali. Upakue kutoka tovuti ya wenyewe, uuandike kwenye flashi ya GB 8 kwa programu iliyowekwa kwa kazi hiyo. Jihadhari na nakala za wizi zinazopitishwa mkono kwa mkono. Mara nyingi huja na virusi ndani yake, na sheria ya hakimiliki inazikataza. Mfumo huria hauna bei, basi hakuna sababu ya kuiba.

Nne, ichomeke flashi, iwashe mashine, na mara hiyo ubonyeze kitufe cha kuchagua mahali pa kuanzia. Katika mashine nyingi kitufe hicho ni F12, F2, Esc au Delete. Mifumo mingi ya Linux hukuruhusu kuijaribu ikiwa bado ndani ya flashi, bila kugusa diski. Itumie ruhusa hiyo. Sikiliza kama sauti yatoka, tazama kama intaneti isiyo na waya yapatikana, chapa karatasi moja. Ukiridhika, ndipo uamuru diski ifutwe na mfumo usakinishwe. Hakikisha umeme hautakatika katikati ya kazi. Kama ni kompyuta ya mkononi, betri yake iwe imejaa. Mwisho, leta masahihisho yote ya usalama, kisha urudishe hati ulizonakili.

Sitaki udhani kwamba kila mashine huokoka. Diski inayolia kama kokoto imekwisha, na nahodha mpya hawezi kuziba chombo kilichooza. Hata hapo usiharakishe kwenda jaani. Mabomba ya kioo ya skrini nene za zamani yana risasi ndani yake, na taa za skrini bapa za miaka ya kwanza zina zebaki. Thika wanalijua jaa la Kang'oki. Sumu kama hizo zikiachwa juu ya udongo, mvua huzichukua hata mahali pasipotarajiwa. Mashine iliyokufa kweli ipelekwe kwa wanaojua kuitenganisha, na sehemu zake nzima zikatibu nyingine.

Sasa laweza kujibiwa swali tulilouliza. Mashine nyingi hazifai kutupwa, wala hazifai kuachwa na nahodha aliyestaafu, maana siku ya wizi atakayeumia ni yule mzee aliyeacha nambari ya kitambulisho chake ndani ya mashine ya saiba. Anayeweza kuziokoa ni mtu mwenye flashi moja, subira ya alasiri moja, na uangalifu wa kunakili kabla ya kufuta. Hayo yote yamo katika uwezo wa mwanafunzi wa sekondari. Dunia itaendelea kutangaza vitu kuwa vikuukuu bila kutuuliza. Basi jifunze kukipima kitu mwenyewe, ili tangazo la mwingine lisiwe ndiyo hukumu yako.