Kasuku Wawili Chini ya Jina Moja

Mwalimu wa Kiswahili huko Buterere, kaskazini ya mji wa Bujumbura, akiwauliza wanafunzi wake jina la ndege mdogo wa kijani mwenye mdomo mwekundu uliopinda, yamkini atajibiwa: kasuku. Jawabu hilo si kosa, lakini halitoshi. Kwani jina hilo hufunika ndege wawili ambao mambo yaliyowapata hayakuwa sawa.

Wote wawili asili yao ni Tanzania, na wote walielezwa kitaalamu mwaka 1887 na Mjerumani Anton Reichenow. Urefu wao ni kiasi cha sentimita 15, na kila mmoja ana duara jeupe kuzunguka jicho. Wa kwanza alipewa jina la msafiri Gustav Fischer. Uso na koo lake ni vya rangi ya chungwa, na makao yake ni kusini ya Ziwa Viktoria, pamoja na Serengeti. Wa pili ana kichwa cheusi na ukosi wa manjano, naye hukaa mashariki zaidi, hata nyanda za kati. Nchini Burundi wamefika kwa njia mbili: kasuku wa Fischer husukumwa magharibi na ukame, ilhali mwenzake aliletwa na binadamu.

Kilichowatenga zaidi ni biashara. Katika miaka ya 1980 kasuku wa Fischer alinaswa kwa wingi mno ili auzwe ng'ambo; mwaka 1987 hapakuwa na kasuku wa mwituni aliyeuzwa zaidi yake duniani. Mapema katika miaka ya 1990 Tanzania ilisimamisha biashara hiyo. Burundi nayo ilikuwa imekwisha kujiunga na mkataba wa CITES mwaka 1988. Hata hivyo, kasuku wa Fischer bado huhesabiwa kuwa amekaribia hatari ya kutoweka, na mwenzake hatiliwi wasiwasi mkubwa.

Mahali pengine hata mpaka baina yao umefifia. Huko Naivasha, Kenya, waliotoroka vizimbani wamezaliana wakatoa machotara.

Basi ndugu walimu, tusiridhike na jina moja. Tumfundishe mwanafunzi kusema "kasuku wa Fischer" na "kasuku mwenye ukosi wa manjano". Asiyeweza kuwatofautisha hatajua ni yupi anayepungua.